Siku tuliyosafisha mto tuliuza nini?

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndio hii stori isikae kama nimepanda mimbari.

Jumamosi moja tulikuwa kwa mto, vijana kama thelathini hivi, upande wa chini wa Gikomba. Gambuti, glavu, reki, magunia. Mnajua hizo siku vile huwa: mmoja analeta spika, mwingine maji ya chupa, na mimi nimekuja na simu yangu ya kupiga video. Kando yetu tingatinga lilikuwa linachota tope katikati ya mto na kulimwaga ukingoni. Kazi yetu ilikuwa kuchambua. Plastiki huku, nguo huku, vyuma kule.

Ilipofika saa tano hivi, ndoo ya tingatinga ikatoa kitu kirefu. Tukakivuta watu sita. Kilikuwa kipande cha reli, chembamba kuliko reli za kawaida, kimeliwa na kutu, na ubavuni kilikuwa na herufi zilizochomoza ambazo nilizipapasa kwa kidole tu kwa sababu macho hayangezisoma. Ndoo ilikuwa imekikata vipande viwili, na pale kilipokatika chuma kilikuwa bado kinang'aa. Nyuma yake yakatoka maboriti ya mbao, meusi kama makaa, na moja likavunjika mbele ya macho yetu kama mhogo.

Kuna mzee anauza chai pale ukingoni. Akatuangalia, akasema, "Vijana, hapo kulikuwa na kidaraja. Babangu alikuwa akipitia hapo akienda kazi." Tukamwambia, "Sawa mzee," vile mtu huambiwa sawa mzee. Dakika kumi baadaye mkokoteni wa skrapu ukafika, reli ikapimwa kwa kilo, pesa tukagawana. Mimi nilipata soo mbili. Video nikaiweka mtandaoni jioni hiyohiyo. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kwenye video tunacheka.

Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya hapo. Dereva wa tingatinga alikuwa anafanya kazi yake, sisi tulikuwa tumejitolea, mwenye mkokoteni ana watoto wa kulisha. Lakini baadaye nilianza kusoma kuhusu kijito kimoja huko Korea Kusini, na tangu hapo ile soo mbili imekataa kunitoka kichwani.

Mnajua picha ninazozungumzia. Kila mara tukiongea juu ya Mto Nairobi, lazima mtu atume picha mbili za Seoul. Ya kwanza, barabara ya juu iliyojaa magari, kijivu kila mahali. Ya pili, maji masafi, watoto wameingiza miguu, wapenzi wamekaa kwenye mawe. Halafu anaandika, "Hawa waliweza, sisi tunangoja nini?" Kijito hicho kinaitwa Cheonggyecheon. Sehemu yake iliyofufuliwa ni urefu wa kilomita 5.8, kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2005, na enyewe ni kizuri. Sina ubishi na uzuri wake. Ubishi wangu ni kwamba picha ni mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili kuna miezi 27 ambayo hakuna mtu hutuma picha zake.

Ili muelewe kilichokuwa chini ya ile barabara, lazima nirudi nyuma miaka mia sita. Mnivumilie, kwa sababu hii sehemu ni kama drama za Kikorea mnazotazama usiku, tofauti ni kwamba ilitokea.

Mfalme wa kwanza wa ukoo wa Joseon, Taejo, alikuwa na wake wawili. Yule wa pili, Malkia Sindeok, alifanikiwa kumfanya mwanawe mdogo awe mrithi wa kiti. Kulikuwa na mtoto wa mke wa kwanza, mtoto wa tano, aliyekuwa amemsaidia baba kuupata huo ufalme kwa upanga. Huyo hakufurahi. Malkia akafa mwaka 1396. Mwaka 1398 yule mtoto wa tano akamuua mrithi, na mwaka 1400 akawa mfalme mwenyewe, akiitwa Taejong. Alingoja mpaka baba yake akafa, mwaka 1408. Mwaka uliofuata akaamuru kaburi la mama wa kambo litolewe ndani ya jiji lipelekwe nje.

Mwaka 1410 mafuriko yakabomoa daraja la udongo lililokuwa katikati ya mji. Daraja jipya la mawe likahitajika. Mawe yakatoka wapi? Kwenye kaburi la mama wa kambo. Mawe yaliyochongwa mawingu na viumbe vya mbinguni, kazi ya mafundi wa ngazi ya juu kabisa, yakaingizwa kwenye kuta za daraja, mengine juu chini, chini juu. Daraja likaitwa Gwangtonggyo. Kwa miaka mia tano watu wa Seoul walivuka kijito wakikanyaga kaburi la malkia, kwa sababu mtoto wa kambo alikuwa na kinyongo. Sijui kama kuna mahali pengine duniani chuki ya familia imejengwa ikawa njia ya wapita kwa miguu.

Chini kidogo kulikuwa na daraja lingine, Supyogyo, maana yake daraja la kipimo cha maji. Wakati wa Mfalme Sejong, yule aliyetunga alfabeti yao, kuliwekwa hapo mwaka 1441 mti wa kupimia kina cha maji ili jiji lijue mafuriko yanakuja. Baadaye ukawa wa jiwe. Na pale kijito kilipotoka nje ya ukuta wa jiji kulikuwa na lango la maji la matao matano, Ogansumun, lenye vyuma vya kuzuia watu kupenya. Inasimuliwa majambazi walikuwa wakilitumia kutoroka usiku.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho kilinifanya nikae kimya kabisa.

Kufikia karne ya 18 kijito kilikuwa kimeziba. Seoul ilikuwa imejaa watu, milima ya karibu imekatwa miti kwa kuni, mvua ikinyesha mchanga wote unashuka mtoni. Maji taka juu yake. Inakukumbusha mahali? Mwaka 1760 Mfalme Yeongjo akaamua kuusafisha kikweli. Walifanya kazi siku 57, watu kama 200,000 wakihesabiwa kwa siku zao za kazi, na kati yao wengi walikuwa maskini waliolipwa mshahara, kazi mtaani kabla ya kazi mtaani. Mchanga uliotolewa ulikuwa mwingi hivi kwamba ulirundikwa karibu na lile lango la matao matano ukawa vilima, na vilima hivyo vikanuka, na watu wakapanda maua juu yake kuua harufu.

Walipofika chini, kwenye usawa waliokubaliana ndio usawa wa kweli wa kijito, waliandika. Kwenye miguu ya daraja la Supyogyo wakachonga herufi nne zinazomaanisha usawa wa ardhi wa mwaka huo. Yaani: wewe utakayesafisha baada yetu, chimba mpaka hapa. Usipite hapa.

Hao watu wa 1760 hawakuwa na chuo cha akiolojia. Walikuwa na majembe na vikapu. Lakini kabla ya kuondoka waliacha maelezo kwa mtu ambaye hajazaliwa, mahali ambapo angelazimika kuyaona. Mfalme akaunda na ofisi nzima ya kusafisha kijito ili kazi isiishie kwake, na mwaka 1773 kingo zikajengwa kwa mawe.

Baada ya hapo nitakimbia kidogo. Wajapani wakaitawala Korea, na lango la matao matano lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Vita vya Korea vikaleta wakimbizi, wakajenga vibanda juu ya maji, vya mbao na mabati, vya kutundikwa kwa miti, mkitafuta picha zake mtadhani ni Mathare. Kuanzia 1958 serikali ikafunika kijito kwa zege. Daraja la kipimo likahamishiwa bustani moja. Gwangtonggyo likaachwa palepale, likafunikwa likiwa zima, gizani, na mabomba ya maji taka. Mwaka 1967 barabara ya juu ikaanza kujengwa hapo juu yake, na mwishowe zaidi ya magari laki moja yalikuwa yanapita kila siku juu ya kaburi la malkia bila kujua.

Halafu ikaja siasa. Mwaka 2002 Lee Myung-bak aligombea umeya wa Seoul akiahidi kukirudisha kijito. Akashinda. Tarehe 1 Julai 2003 barabara ikaanza kubomolewa. Muhula wake ulikuwa unaisha katikati ya 2006, na mwanasiasa yeyote, wa Seoul au wa hapa kwetu, anajua hesabu ya kukata utepe kabla ya muhula kuisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Wataalamu wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kuchimba, ndiyo, lakini huku ujenzi unaendelea. Walipata vitu. Misingi ya yale matao matano. Mawe ya kingo za zamani. Mabaki ya madaraja kadhaa. Sarafu za enzi za Joseon zilizoanguka mifukoni mwa watu waliokuwa wakivuka. Na Gwangtonggyo, likiwa limechakaa na kujeruhiwa na mabomba lakini lipo, na mawe ya malkia yakiwa na michoro yake. Wakati huohuo mashine zilikuwa mita chache tu kutoka hapo, na ratiba ilikuwa ileile. Mwanzoni mwa 2004 vikundi vya wananchi vikapiga kelele kwamba mawe ya zamani yanang'olewa na kuharibiwa kabla hayajaandikwa yalikaa wapi. Wakampeleka meya kwa waendesha mashtaka wakidai sheria ya kulinda urithi imevunjwa. Jiji nalo likajibu kwamba linafanya kazi kwa utaratibu. Kati ya wataalamu na raia waliokuwa kwenye kamati ya kushauri, wengine walijiuzulu.

Aliyeniuma zaidi katika hii stori si mwanaharakati. Ni mwandishi wa riwaya, Park Kyung-ni, mama mzee kabisa wakati huo, aliyetumia miaka 25 kuandika riwaya yake kubwa iitwayo Toji. Yeye alikuwa kati ya watu wa kwanza kuunga mkono wazo la kufungua kijito, hata kabla ya wanasiasa kulichukua. Machi 2004 aliandika gazetini kwa majuto, akiuliza kama hiki kilichokuwa kinafanyika ni kurudisha kijito au ni ujenzi tu kama ujenzi mwingine. Hebu fikiria umeomba kitu maisha yako yote, kinapokuja unaomba wasimamishe.

Matokeo? Gwangtonggyo lilivunjwavunjwa na kujengwa upya, lakini si pale lilipokuwa. Pale lilipokuwa kuna barabara yenye magari mengi. Lilisogezwa kama mita 155 juu ya kijito. Lango la matao matano likapata mfano wake, matao mapya yaliyobandikwa kwenye ukuta wa pembeni kama pambo. Mengine ya yale mawe yaliyotolewa yalipelekwa kuwekwa kwenye uwanja wa kituo cha kusafisha maji taka. Daraja la kipimo, lenye zile herufi za 1760, liko bado kule bustanini, kwa sababu lina urefu wa karibu mita 27 na kijito kipya kilijengwa chembamba, halingetosha. Na mwaka 2005, mambo yakiwa yameshafanyika, serikali ya Korea ikatangaza mahali pa Gwangtonggyo, pa Supyogyo na pa Ogansumun kuwa eneo la kihistoria la kitaifa. Pa. Siyo daraja, mahali.

Na maji mnayoyaona kwenye picha? Yanapampiwa, tani 120,000 kila siku, mengi yakitoka Mto Han. Nilivyosema, ni kizuri.

Nataka niwe wa haki. Kuna watu watasema bila ule mradi Gwangtonggyo lingekuwa bado gizani chini ya zege, likivuja maji taka juu ya michoro ya mbinguni. Ni kweli. Lee Myung-bak alichaguliwa rais mwaka 2007, na kile kijito kilimsaidia, kwa sababu watu wa Seoul walikipenda kikweli na bado wanakipenda. Mimi pia ningeenda kukaa pale niloweshe miguu. Ndiyo maana kesi hii ni ngumu kuliko zile za mtu mbaya anayebomoa msikiti wa kale ajenge maduka. Hapa wote wanataka mto safi.

Na usidhani ilikuwa haiwezekani. Mita mia chache kutoka hapo, mwaka 2008, jiji hilohilo lilibomoa uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun ulioanza mwaka 1925, lijenge jumba la maonyesho lililochorwa na Zaha Hadid. Chini ya uwanja wakakuta kipande kirefu cha ukuta wa jiji na lango lingine la maji, dogo, la matao mawili. Hili lilibaki. Sasa liko ndani ya bustani, unaweza kulitazama likiwa palepale lilipojengwa. Kwa nini hili lilipona na lile la matao matano likawa pambo? Kuna mambo mengi, lakini sidhani ni bahati tu kwamba lilikuja baada ya zile kelele za 2004.

Kuna jambo moja kuhusu mito ambalo sikuwa najua, na nadhani vijana wengi wanaosafisha hawajui. Tope la chini ya mto halina hewa. Mbao, ngozi, kamba, vitu ambavyo juu ya ardhi vingeoza kwa miaka michache, chini huko vinaweza kukaa mamia ya miaka. Na vimekaa kwa mpangilio: vya zamani chini, vya juzi juu. Miaka ya 1840 kule Ireland walipokuwa wakichimba Mto Shannon ili meli zipite, wahandisi waligundua mahali pamoja pa kuvukia kwamba silaha za shaba zilikuwa zinatoka juu, na chini yake kama futi moja zikatoka shoka za mawe. Waliandika hivyo tu, mstari mmoja, wakapeleka vitu makumbusho. Wakati huo watu ndio kwanza walikuwa wanaanza kubishana kama zama za mawe zilitangulia zama za shaba. Ule mstari mmoja una thamani kuliko shoka zenyewe. Sasa ndoo ya tingatinga ikichota, futi zote zinakuwa futi moja. Hata kama hakuna kilichovunjika, mpangilio umekwisha, na huwezi kuurudisha kwa gundi.

Turudi kwetu. Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi, kilomita 27 hivi, shilingi bilioni 50 zikatajwa. Mimi siupingi. Nimekulia karibu na ule mto, najua harufu yake ikifika darasani saa nane mchana. Usafishwe hata kesho.

Lakini fikirieni unapita wapi. Jiji hili lipo kwa sababu ya maji yale. Wamaasai waliyaita maji baridi, reli ikafika Mei 1899, kambi ikawa mji. Ukifuata mto kushuka unafika Kariokor, jina lililobaki la jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale waliobebeshwa mizigo na kufa kwa makumi ya maelfu. Unapita Pumwani, walikohamishiwa watu wa vijiji vya kwanza vya Waafrika hapa Nairobi. Vijiji hivyo vilikuwa na majina ya Kiswahili: Maskini, Mombasa, Pangani. Vilivunjwa kimoja kimoja, cha mwisho Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Halafu uwanja wa Kamukunji, ambapo watu walidai uhuru, na wengine wakarudi kudai tena Julai 1990. Yote hiyo imejipanga kwenye kingo za mto mmoja ambao tunauona kama mtaro.

Watu wa vijiji vile hawakujengewa nyumba za mawe. Hawana mnara. Nyaraka zao nyingi ni barua za maafisa wakoloni waliotaka kuwafukuza. Kama kuna kitu chao chochote kilichobaki, sufuria, kiko cha chai, nguzo, kidaraja, kitakuwa kwenye tope.

Na hapa sheria yetu ina tundu ambalo nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inasema ukigundua kitu cha kiakiolojia uwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Vizuri. Lakini kitu cha kale, kwa sheria hiyo, ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kilicho cha baadaye kinaweza kulindwa, ila mpaka waziri akitangaze. Na Nairobi ilianza mwaka gani? 1899. Yaani karibu kila kitu cha maisha ya jiji hili, kuanzia kijiti cha kwanza cha reli, ni kipya mno kulindwa bila mtu mkubwa kutia sahihi. Mwaka 1895 ni mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Mstari umekaa hapo: kabla yao ni kale, baada yao ni sasa. Na sisi tumeuacha palepale.

Kwa hivyo kisheria, ile reli yetu labda ilikuwa skrapu. Hakuna askari angenishika. Hiyo hainifariji.

Ninachoomba si kitu kikubwa. Sitaki kazi isimame mwaka mzima. Nataka kwa kila tingatinga kuwe na mtu mmoja, hata mwanafunzi wa chuo anayesomea historia na hana kazi, na tunao wengi, amesimama pale na simu na daftari. Kikitoka kitu kisichokuwa plastiki: picha, mahali, kina, tarehe. Halafu ndoo iendelee. Yeongjo aliweza kwa patasi.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee wa chai. Nilimwambia, "Mzee, nilikuwa mmoja wa wale." Akasema anakumbuka, mimi ndiye nilikuwa na simu. Nikamwomba anionyeshe kidaraja kilikuwa kinaanzia wapi. Akanyoosha kidole ng'ambo, kwenye ukuta wa mabati, kisha akashusha kidole taratibu mpaka miguuni mwetu. "Kilikuwa kinashukia hapa. Babangu alisema mvua ikinyesha walikuwa wanavua viatu." Nikauliza babake alikuwa anaenda kazi wapi. "Reli, kijana yangu. Karakana."

Nikaangalia nilichokalia. Wateja wake wanakaa kwenye benchi, boriti jeusi limewekwa juu ya matofali mawili. Mwenye mkokoteni alikuwa amekataa mbao, kwa hivyo mzee alizivuta hadi kwake. Moja ndiyo hiyo benchi. Nyingine ilikuwa imeshachemsha chai.

Nimelipiga picha pande zote nne. Lina tundu mbili za misumari mikubwa, za mraba, na limeanza kupasuka kwa sababu linakauka kwa jua. Urefu ni mita moja na sentimita arobaini. Nimempa mzee turubai alifunike, akaniuliza wateja watakaa wapi, na hapo sikuwa na jibu, kwa hivyo nimemnunulia benchi.